Mke Mwenza wa Theluji

Tomoe alikuwa na mke mwenza, na mke mwenza huyo alikuwa amekufa. Msicheke. Mke mwenza aliye hai utamsengenya, utamkata jicho sokoni, na siku ikibidi mtashikana nywele majirani waje waamue. Aliyekufa utamfanya nini? Hazeeki, hanuni, haunguzi samaki. Kila asubuhi ukimfungulia kijikabati chake cha ibada ya wafu pale sebuleni anakutazama ndani ya fremu na tabasamu lilelile la jana, nawe umempigia magoti na nywele hujachana.

Jina lake Kinuko. Alikuwa mke wa kwanza wa Yasuji, muuza mafuta ya taa wa mtaa wao pale Sapporo, yule anayepita na kigari chake majira ya baridi akijaza matangi nyumba hadi nyumba. Kinuko alipofariki Yasuji alikaa mgane muda mrefu, mpaka binamu yake mmoja alipomkutanisha na Tomoe, mwanamke wa Hakodate aliyekuwa akikaanga ngisi katika mgahawa wa kaka yake. Wakaoana bila makeke. Tomoe aliingia nyumba ile akijua kuna marehemu. Hakujua kwamba marehemu ndiye mwenye nyumba.

Maana kwa desturi ya huko wali wa kwanza kutoka chunguni si wa mume wala si wa mpishi, ni wa marehemu. Tomoe alipakua kibakuli, akampelekea Kinuko, akawasha udi, akagonga kengele ndogo, akainama. Siku alizoamka na kinyongo alimpakulia ukoko. Akishafika jikoni huona haya, akarudi kuubadilisha. Hakuna aliyemwona, lakini yeye mwenyewe alijua.

Na huko mtaani je? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hao hawakuolewa na mgane wa mtaa ule. Kinuko hakuwepo, na lake lilikuwepo kila kona. Majira ya baridi ya kwanza Tomoe alitoka na beleshi kusafisha mlangoni, akaitupa theluji barabarani kama alivyozoea kwao, ambako huanguka kidogo na jua huimaliza. Sapporo, kutupa theluji yako barabarani ni sawa na kumwaga taka kwenye uwanja wa jirani. Bi Fumi, muuza tofu wa nyumba ya mbele, akatoka na aproni yake.

"Bibi harusi! Hiyo theluji unampa nani?"

"Barabara si ya wote, Bi Fumi?"

"Ya wote, ndiyo. Na viuno vya kuvunjika ni vya wote. Marehemu Kinuko, Mungu amweke pema, alikuwa akiamka kabla ya kunguru. Anasafisha kwake, anasafisha na kwangu."

"Ndiyo maana alikufa mapema," Tomoe alisema moyoni. Mdomoni alisema, "Nimesikia, dada."

Miaka mitatu walimwita bibi harusi. Maana yake ilikuwa wazi: wewe mgeni, mwenyewe yupo.

Ila yote hayo angeyameza kama si Yasuji kukaa kimya. Mwanamume yule hakumtaja Kinuko hata siku moja. Mtu akimtaja mezani yeye huchukua kofia akaenda kukagua gari. Picha zake zote, isipokuwa ile ya kijikabatini, alizifungia kwenye kabati la juu, na hakulifungua tena. Tomoe akaona anajua tafsiri yake. Mtu hukimbia kinachomuuma, na kinachomuuma ndicho anachokipenda bado.

Basi mume akitoka na gari, mke huyo juu ya kigoda. Atashusha kisanduku cha picha, atakaa sakafuni miguu ikiwa chini ya meza fupi yenye kipasha joto ndani yake, ataanza kumtafutia mwenzake kasoro. Kinuko ufukweni. Kinuko amelala ndani ya treni, mdomo wazi. Kinuko kwa upande, anang'ata hindi la kuchoma. Kasoro zilikuwepo, tena nyingi: unyusi wa kushoto umepanda kuliko wa kulia, pua ina kinundu katikati, kidevu kipana, jino moja limempandia mwenzake. Lakini kila kasoro ilimkaa vizuri. Tomoe alikirudisha kisanduku machozi ya hasira yakimtoka, akaapa hatakigusa tena. Wiki ya pili yuko juu ya kigoda. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Tomoe alikonda kweli.

Sasa, kila Februari wenyeji wa Sapporo hujenga sanamu za theluji katika bustani ya Odori. Zile kubwa kama ngome hujengwa na wanajeshi, lakini kule mwisho wa bustani kuna viwanja vidogo vya wananchi, vinavyogawiwa kwa kura. Mtaa wa Yasuji ulipopata kiwanja, kiongozi alikuwa kinyozi Kanbe, na mtengeneza nyuso, mnakisia wenyewe, alikuwa Kinuko. Alipokufa, Yasuji akajitoa. Wenzake wakabaki kujenga nguruwe na vitu vya mviringo visivyodai ufundi.

Mwaka ule kura iliwaangukia, na Yasuji akasema atakuja. Walikubaliana kujenga mwanamke anayesafisha theluji na beleshi. Tomoe aliisikia habari kwa Bi Fumi, ambaye aliileta pamoja na tofu.

"Uso atautengeneza nani?" Tomoe alimuuliza mumewe usiku huo wakila.

"Mimi."

"Uso wa nani?"

"Wa mwanamke tu."

"Mwanamke tu hana uso, Yasuji. Kila mmoja ana wake."

Yasuji akainua bakuli la supu, akajificha nyuma yake.

Siku za kujenga, Tomoe alialikwa akachochee supu ya nguruwe ya wajenzi. Akasema ana mafua. Kila jioni mume alirudi glavu zikichuruzika maji, hasemi, hali sana, analala akiwa amegeukia ukutani. Tomoe alimtazama mgongo ule akawaka. Anatoka kwake huyo, alijiambia. Anashinda naye kutwa, anampapasa mashavu, anakuja kwangu kulala tu. Akatia nguo zake katika mfuko wa safari. Shauri alilikata peke yake: nikiukuta uso wa Kinuko pale bustanini, napanda treni ya Hakodate na sirudi. Wali wao wajipakulie wenyewe.

Siku ya ufunguzi akaenda, mfuko mkononi. Jua lilikuwa kali na baridi ilikuwa kali zaidi. Watu walijaa mpaka ilibidi kutembea kwa mwendo wa harusi, wakila viazi vya moto vilivyopakwa siagi, wakipigana picha mbele ya ngome ya wanajeshi, watoto wakiteleza na kupiga mayowe. Tomoe hakuiona ngome wala hakunusa kiazi. Alipenya moja kwa moja hadi mwisho wa bustani.

Sanamu aliiona kwanza kwa nyuma. Mabuti, kitambaa cha kichwani, mgongo ulioinama juu ya beleshi, kiwiko kilichotoka nje kidogo. Alikuwa Kinuko yule wa kwenye kisanduku cha picha, si mwingine. Hata mshono wa koti wameuchora. Haya, mwanamke, ujionee mwenyewe. Akazunguka mbele.

Hapakuwa na uso. Palikuwa na kiazi kilichomenywa, na katikati yake bonge la uji wa theluji linateremka polepole kuelekea kidevuni. Mtoto mmoja aliyebebwa mabegani alimuuliza baba yake kama lile ni zimwi.

Kinyozi Kanbe alikuwa akipangusa jasho katika baridi ile. "Shemeji! Ni jua, shemeji. Tulimwelekeza kusini ili watu wapate mwanga wa kupigia picha, basi jua likamla uso. Tumeutengeneza tena, likaula tena. Na leo ufunguzi!"

"Niliwaambia mimi," Bi Fumi akadakia. "Uso wa theluji hauelekezwi kusini, hata mtoto anajua. Kinuko asingekubali."

Tuseme ukweli: Tomoe alifurahi. Alifurahi mpaka akalazimika kuuma kitambaa cha shingoni. Mke mwenza ameyeyuka mbele ya jiji zima! Angekuwa peke yake angecheza.

Yasuji alikuwa juu ya ngazi na mwiko wa mwashi. Alimwona mkewe, akashuka, akamvuta pembeni. Ndevu zake zilikuwa zimeganda.

"Si jua," alisema kwa sauti ya chini. "Kanbe analisingizia jua, na mimi nimelinyamazia kwa kuwa limenisitiri. Hata kabla ya jua haukuwa uso wake. Siukumbuki, Tomoe."

"Huukumbuki nini?"

"Uso wake. Macho nayajua yalikuwa mawili, basi. Nikijaribu kumuwaza, inakuja ile picha ya kijikabatini, bapa, kama stempu. Wenzangu walinishauri nichukue picha za kabatini. Nikawaambia miaka ishirini na mtu, nitake picha yake ya nini?" Akajifuta pua na glavu. "Kulifungua lile kabati siwezi. Naogopa nitamwona mtu nisiyemjua."

Furaha ya Tomoe iliingia shubiri. Miaka mitatu alimwonea wivu mwanamke anayekumbukwa, kumbe mume alikuwa amemsahau! Na kama huyu, wa miaka ishirini, wa mashavu yale na jino lile, amesahauliwa hivi, basi yeye wa miaka mitatu akifa kesho, Yasuji atabaki na nini? Harufu ya ngisi?

Nyuma yao Bi Fumi alikuwa ameshika usukani. "Kanbe, mtie pua bapa. Kinuko alikuwa na pua bapa. Na mdomo mdogo."

"Mdogo hivi?"

"Hivyohivyo. Kama wa mwanasesere."

Tomoe alivumilia kidogo. Halafu akashindwa. Pua bapa! Mdomo wa mwanasesere! Yeye amekonda miaka mitatu kwa ajili ya kitu kile? Kama ni kushindwa, alishindwa na mwanamke wa haja, na asingekubali mtu amgeuze mwanasesere.

"Haikuwa bapa!" alipiga kelele, na watalii waliokuwa wakipita wakageuka. "Ilikuwa na kinundu. Nipe huo mwiko."

"Bibi harusi, wewe hata—"

"Shika ngazi, Bi Fumi."

Bi Fumi akashika ngazi. Tomoe akapanda, akaurarua uji ule wote akautupa chini. "Huu umetiwa maji mengi. Nipeni theluji kavu, maji kidogo tu, kama ya kukandia maandazi." Uji wenyewe hakuwahi kuukanda maishani, lakini kukanda ni kukanda. Kanbe akampandishia ndoo. Tomoe akabandika, akakandamiza kwa kiganja, akasubiri baridi ishike, akakwangua. Unyusi wa kushoto akaupandisha. Kinundu cha pua akakiweka kwa kidole gumba. Kidevu akakipanua, tena akakipanua. Mdomo akauacha wazi kidogo, akachonga lile jino lililompandia mwenzake, kwa ncha ya ufunguo wa nyumba. Kila alipotaka kupunja, aufanye uso kuwa mbaya kidogo tu, mkono ulikataa. Mkono ulikuwa umesoma sana.

Jua lilipokuwa limejificha nyuma ya majengo, akashuka.

Kinyozi Kanbe akavua kofia. Bi Fumi akafunika mdomo kwa viganja viwili, machozi yakapita katikati ya vidole.

"Ni yeye," alisema mwisho. "Ni yeye kabisa. Lakini wewe umemjulia wapi? Hukuwahi kumwona."

"Nyinyi mlimzika, Bi Fumi," Tomoe akamjibu. "Mimi ndiye ninayeishi naye."

Yasuji alikuwa amesimama mbele ya sanamu, mikono imening'inia, analia bila kujificha. Midomo yake ilitamka jina ambalo Tomoe hakuwahi kulisikia kwake. Na wivu ukarudi palepale, mbichi kabisa. Nimemtengenezea mwenyewe, mjinga mimi! Amempata, na ni mimi niliyempa. Akauokota mfuko wake, akaanza kuondoka kupitia katikati ya watu.

Hakufika mbali. Yasuji alimshika mkono wa koti.

"Unakwenda wapi na mfuko?"

"Hakodate."

"Kufanya nini?"

"Kukaanga ngisi."

Yasuji akautazama mfuko, akamtazama yeye. Taa za bustani zilikuwa zimeanza kuwashwa. Akamshika mabega, akamgeuza taratibu mpaka mwanga ukamwangukia.

"Unafanya nini? Watu wanatutazama."

"Simama. Usisogee."

Alivua glavu. Akamwangalia paji la uso, nyusi, pua iliyokuwa nyekundu kwa baridi, akienda taratibu, hataki kuruka kitu. Chini ya sikio akasimama, akagusa kwa kidole.

"Hili kovu ulilipatia wapi?"

"Mafuta ya kukaangia. Yaliniruka zamani." Tomoe akamkazia macho. "Miaka mitatu, Yasuji. Ndiyo kwanza unaliona leo?"

"Ndiyo," alisema Yasuji. "Ndiyo kwanza leo."

Tomoe akauweka mfuko chini kwenye theluji, akamgeuzia na upande wa pili, auone nao.