Mwenye Radi wa Kilunga

Katika maisha yake yote Kitoga hakuwahi kufanya jambo la maana, mpaka redio ilipotangaza kwamba mitambo inayozunguka angani imehesabu radi za dunia nzima, na kwamba hakuna mahali zinapopiga mara nyingi kama milima hii ya mashariki mwa Kongo. Marehemu baba yake alisemwa na kijiji kizima cha Kilunga kuwa hutuma radi. Kitoga aliposikia tangazo lile alivuta pumzi, akatoka nje akiwa amevimba kichwa.

"Mnasikia? Hata mitambo ya Wazungu imethibitisha mali yetu."

Tangu siku hiyo kibuyu cha kwanza cha kasiksi, pombe ya ndizi, kilikuwa chake, na hakuna aliyethubutu kugombania naye mpaka wa shamba. Nesi Mulonda alieleza mara nyingi kwamba radi ni mvuke wa joto unaogongana na baridi ya milima. Kitoga alimcheka mbele za watu.

"Nesi, wewe kaa na sindano zako."

Kisha radi ikaua mbuzi wote wa Mama Bitondo, mjane, waliokuwa wamejikinga chini ya mti. Asubuhi kijiji kizima kilikuwa uani kwa Kitoga.

"Radi yako imekula mbuzi wangu," Mama Bitondo alisema. "Uhame leo hii."

Kitoga alitazama nyumba yake na migomba yake, akaona hana pa kwenda.

"Jamani, ni mvuke tu! Nesi, waambie, ndugu yangu!"

"Leo mimi ni ndugu?" Mulonda alicheka. "Haya. Ramani mpya imetoka, wamehesabu kwa makini zaidi. Siku hizi sisi si wa kwanza. Kuna ziwa huko Venezuela limetupita."

"Mmesikia! Mwenye radi yuko Venezuela!" Kitoga akadakia.

"Basi wewe ni naibu wake," Mama Bitondo akamjibu, na watu wakaangua kicheko. "Unataka kubaki? Sema mbele yetu: mimi Kitoga si chochote, na baba yangu hakuwa chochote."

Ni maneno machache tu, hata mtoto angeyasema. Kitoga akafungua mdomo. Wakati huohuo ngurumo ikapasuka nyuma ya mlima, na watu wote, hata nesi, wakarudi nyuma hatua moja. Aliona ile hofu machoni mwao. Alikuwa ameikosa tangu asubuhi, maskini, na utamu wake ukamshinda.

"Mnaona?" akasema.

Hawakumpa nafasi ya kusema la pili. Jioni alikuwa barabarani peke yake, godoro kichwani, sufuria mkononi, mvua ikimchapa. Kila mbingu ilipomulika, mwenye radi alitupa sufuria na kulala kifudifudi kwenye matope, akilia na kumwita mama yake.