Jamu Iliyokataa Kuganda

Saa mbili asubuhi, mpishi anadondosha tone la jamu ya mapera kwenye kisahani baridi. Anangoja kidogo, kisha analisukuma kwa kidole. Likikunjamana, jamu imeiva. Likitiririka, kazi bado. Leo linakunjamana. Miezi miwili iliyopita lilikuwa likitiririka kama uji wa mgonjwa.

Majirani humwita Mama Chupa. Katika chumba kimoja nyuma ya nyumba, hupika na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wifi huchagua matunda na kuyakatakata. Yeye hushika mwiko.

Kati ya chupa arobaini alizopeleka dukani, ishirini na sita zilirudi. Mwenye duka alimwambia wateja wanadai wameuziwa sharubati.

"Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako," anasema.

Mshukiwa alikuwa mmoja tu: wifi. Mama Chupa alianza kuchora alama kwenye ndoo ya maji, aone kama wifi anayachota na kuyaongeza kwenye jamu. Siku alipokuta wifi amechanganya mapera mabichi kwenye beseni, aliyatupa bila kuuliza. Kwani si wifi huyohuyo aliyewahi kusema atafungua jiko lake mwenyewe la jamu?

Mwishowe alimtuma sokoni, akafunga mlango, akapika peke yake mapera yaliyoiva kupindukia, yale yanayonukia mtaa mzima. Limau hakutia, aliliacha tangu wateja walipolalamikia uchachu. Akachemsha saa mbili nzima. Jamu ikawa nyeusi, na bado ikatiririka.

"Hapo hapakuwa na wifi wa kumsingizia. Nilikaa chini, nikakumbuka limau nililoliacha na mabichi niliyoyatupa."

Kesho yake akabandika sufuria mbili ndogo. Moja akaipika vilevile. Ya pili akaitia mapera mabichi machache na maji ya limau, moto mkali, muda mfupi. Hiyo iliganda, na rangi yake ikabaki ya waridi.

Akaenda kumwomba wifi radhi.

"Alama za ndoo niliziona siku ya kwanza," wifi alimjibu. "Mabichi nilikuwa nakuwekea kwa sababu mama yangu alipika hivyo. Ungeniuliza tu."

Sasa Mama Chupa anataka lebo mpya yenye majina yao wote wawili. Wifi hajakubali. Amesema atakaa mwezi mzima akionja kila sufuria kabla jamu haijatiwa kwenye chupa, ndipo atoe jibu.

"Ana haki ya kunichunguza," anasema mpishi. "Nami naonjesha."