Mama wa Mpelelezi

Mimi husoma vitabu ambavyo hakuna anayevitaka. Ni riwaya za mpelelezi wa kukodiwa, yule wa ofisi chafu na viatu vilivyoisha soli, lakini badala ya kumsaka muuaji mitaani anamsaka kwenye sayari nyingine. Wapenzi wa upelelezi wanasema zina nyota nyingi mno, wapenzi wa nyota wanasema zina polisi wengi mno. Potelea mbali, wote hawajui wanachokosa. Muuzaji wa vitabu vya mtumba karibu na soko la Gakoromone huniwekea kando, maana mteja ni mimi peke yangu.

Nafanya kazi ya ukarani mjini Meru na naishi chumba kimoja. Nikishafunga mlango jioni, sisemi neno hadi asubuhi. Upweke huo niliuzoea. Ulioniuma ni wa Baba, kule kijijini Ruiri. Tangu tulipomzika Mama, alikuwa ameacha kuongea. Kila Jumamosi nilienda, nikafua, nikapika, naye akasema "asante" na "safari njema," basi. Mama hatukumtaja hata siku moja. Niliogopa kwamba mzee atanyamaza hivyo hadi naye aende, nami nimekaa pale pale nikimenya viazi.

Jumamosi moja, kwa kukosa la kusema, nikatoa kitabu. Macho ya Baba yameshaingia ukungu, hasomi. Nikaanza kumsomea kwa Kimeru, nikitafsiri papo hapo, na jasho lilinitoka, kwa sababu chombo cha angani kwa Kimeru ni shughuli. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mwezini. Wachimba madini wanaishi ndani ya mabanda yaliyofungwa, hewa inagawiwa kwa zamu, na mmoja wao amepatikana amekufa kwa kukosa pumzi. Mpelelezi ametumwa kutoka duniani.

"Nani hukaa na ufunguo wa hewa?" Baba akauliza.

Sikuwa nimemsikia akiuliza kitu kwa miezi. Nikamwambia ni mzee mmoja mpole, rafiki wa marehemu.

"Ni huyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Hata hapa kwetu, maji yakikauka kwa mfereji wako, usitafute mwizi mbali."

Tulikuwa ukurasa wa thelathini. Mpelelezi mwenyewe alihitaji mia mbili. Nikacheka mpaka nikaona aibu, na Baba akatabasamu kidogo.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta ananingoja mlangoni. Lakini swali lake halikuwa la muuaji.

"Huyo mpelelezi akirudi kwake, nani humpokea?"

Ukweli ni kwamba hakuna. Katika vitabu hivi huwa hakuna. Mtu anarudi, anavua koti, analala. Nimevisoma miaka mingi na sikuwahi kuona kasoro hapo. Lakini Baba aliuliza kwa sauti ndogo sana, nikashindwa. Nikasema ana mama yake.

Basi nikawa mwongo wa kila Jumamosi. Mpelelezi akipiga simu duniani, mama anamuuliza kwanza amekula nini. Mama huyo anagombana na kuku wake utadhani ni majirani. Anaimba nyimbo za kanisa akipepeta maharagwe, na akisahau maneno anaweka yake. Baba akawa hata muuaji hamjali tena. "Na mama yake je?" Nami nampa, bila kujiuliza mambo hayo nayatoa wapi.

Siku ya kumaliza ikafika. Muuaji alikuwa yule yule mzee wa ufunguo. Mpelelezi akapanda chombo peke yake, akarudi kwenye chumba kitupu. Ndivyo ilivyoandikwa. Mimi nikasema amefika nyumbani akakuta chakula kimefunikwa kwa sahani, na mama yake amesinzia kwenye kiti akimngoja, kitambaa kimemtoka kichwani.

Baba akanyamaza. Nikadhani nimempoteza tena.

"Huyo mama hayuko kwa kitabu," akasema.

"Yuko, Baba."

"Mwari wakwa, binti yangu, yaliyokufa ni macho. Masikio ni mazima. Ukisoma ya mpelelezi nasikia karatasi ikigeuka. Ukifika kwa mama, hugeuzi kitu."

Nilitaka kubisha, machozi yakanitangulia. Nililia vibaya, kilio ambacho hata kaburini sikulia, naye akaniacha nilie. Halafu akapapasa mpaka akanishika mkono, akakitoa kitabu, akakiweka chini.

"Endelea naye tu," akasema. "Sauti ya mama yako imeanza kunitoka akilini. Niliona haya kukuambia."

Nikafungua mdomo. Sauti ya Mama haikunijia hata mimi, basi nikaanza na kuku wake.