Dirisha Lililonitii Kupita Kiasi

Mimi njo ninaonyesha maneno ya nyimbo ukutani, mu kanisa yetu ya Kirotshe. Juma lililopita niliweka sisteme mupya mu ordinateri, ile kompyuta ya kanisa. Toka hapo, kila nikitaka kufungua fishie, faili ya wimbo, dirisha la kuchagulia linaniletea majina madogo kama mayai ya chawa. Nikajiuliza: haliwezi kutii muntu? Nikabonyeza huku, nikajaribu kule, mpaka likatii. Likifunguka tu, linaanza na picha za karibuni, tena kubwakubwa. Nikajipongeza kama muntu aliyefundisha mbuzi kusoma.

Jumamosi kanisa nzima tulifunga kula mpaka maombi ya jioni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekemea wanakwaya wenye kutafuna mihogo kwa siri. Asubuhi dada yangu, anayeuzisha fromage, ile jibini ya Masisi, akataka picha ya kuvuta wateja.

"Kaka, uma kidogo tu, waone iko tamu."

Nikauma. Ikanikwama. Nikateremusha na maziwa, mengine yakamwagikia shemizi, shati nililovaa. Dada akapiga picha papo hapo, nikaiingiza mu ordinateri ile ile nimutengenezee tangazo.

Jioni, mbele ya watu wote, nikafungua lile dirisha nitafute wimbo. Ukuta muzima ukawa mimi: macho nimefunga, mashavu yamevimba, fromage mukononi, doa kifuani.

"Iyo picha iko ya zamani," nikasema haraka.

Mama Furaha, kiongozi wa kwaya, akaangalia ukuta, kisha akaangalia kifua changu.

"Papa Olivier, kumbe toka zamani ile haujafua shemizi?"