Sekunde Mbili za Nyongeza

Mume wangu alipewa wiki sita. Si za kuishi, ni za kulala chini ya mashine. Daktari wa koo alitueleza wazi, na mimi nikamwambia arudie. Uvimbe ulikuwa kwenye zoloto, pale sauti inapotokea. Mashine ilikuwa na siku thelathini za kuumaliza, Jumamosi na Jumapili mapumziko. Ukiisha, tunarudi nyumbani. Usipoisha, zoloto lote linakatwa, na yeye hatasema tena.

Huyu ni mtu ambaye kule Longbridge, kwenye kiwanda cha magari cha Birmingham, alisikika upande wa pili wa ukumbi na mitambo inanguruma. Sasa alitoa sauti kama gunia linaloburutwa sakafuni.

Chumba cha mashine kilikuwa na mlango mnene kama wa benki. Walimlaza, wakamvika barakoa ya plastiki iliyotengenezwa kwa umbo la uso wake ili asitikisike, kisha wakatoka wote wakamwacha peke yake. Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje nikahesabu kwa pingili za vidole, nikalinganisha na saa ya ukutani, maana kipimo kimoja siamini. Sekunde mia na hamsini. Siku ya pili, mia na hamsini. Nikasema sawa, hawa angalau mizani yao haichezi.

Fundi wa mashine alikuwa Mwingereza wa makamo, mwenye viganja vikubwa na sauti ya taratibu. Aliniita "bab", kama watu wa Birmingham wanavyomwita kila mtu, hata mbwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa kijana wa jeshi la anga, akapelekwa Kanada kujifunza kuongoza ndege, na tangu hapo hakupona mapenzi ya nchi ile.

"Hii imetoka Kanada," aliniambia wiki ya kwanza. "Ndani mna madini ya kobalti. Wakati wa vita walianza kujenga tanuri la atomiki, mambo ya mabomu hayo. Vita vikaisha, wakaona tanuri lile linaweza kuoka kobalti ikatoa miale ya kutibu."

"Kwa hiyo mume wangu anatibiwa na mjukuu wa bomu."

"Waweza kusema hivyo, bab."

Hakuishia hapo. Akanieleza habari za suti yenye maji ndani, Wakanada waliyomshonea rubani asizimie ndege ikikata kona. Akanieleza redio ya kubeba mkononi ya kusemeana porini, na kiti cha magurudumu chenye mota kwa askari waliorudi wamepooza. Nikamwuliza watu hao walikuwa wanalala saa ngapi. Babangu naye alipelekwa vita hivyohivyo, Burma, na alichorudi nacho Mombasa ni blanketi moja na homa ya kila masika. Huyo hakuna aliyemwundia kitu.

Wiki ya tatu ngozi ya shingo ya mume wangu ilikuwa imeiva, nyekundu juu na nyeusi pembeni, na uji alikuwa akiumeza huku kafumba macho. Daktari alimchungulia kooni akasema tungoje. Neno hilo nalijua. Ndilo ninalomwambia mteja wakati kitambaa anachotaka sina na sitakuwa nacho.

Mimi nilikuwa na meza ya vitambaa mtaani Alum Rock, na sokoni kwetu, kuanzia Mombasa nilikokulia, mteja akinunua yadi tano lazima umkatie na kiganja cha juu. Asipopata nyongeza, anajiona hakuheshimiwa. Basi nikaanza kumletea fundi sambusa. Ijumaa, alipokuwa anatafuna ya nne, nikamwambia, "Niongezee kidogo."

"Nini?"

"Sekunde. Mia na hamsini zikiisha, usizime haraka. Kumi tu."

Akaacha kutafuna. "Siwezi. Zikizidi zinamchoma."

"Basi tano."

"Hata moja, bab. Kipimo ni cha daktari."

"Na sambusa ni za nani?"

Akafuta vidole, akacheka kidogo, akaingia ndani.

Jumatatu ilikuwa tarehe mosi ya mwezi. Taa ikawaka nikahesabu, ikazimika nikatazama saa. Mia na hamsini na mbili. Jumanne vilevile. Muuzaji akikuongezea mbele ya wakubwa wake, hataki umshukuru kwa sauti.

Kwenye basi nikamnong'oneza mume wangu.

"Umemhonga mtu wa hospitali kwa sambusa?"

"Sijahonga. Tumepatana."

Alicheka mpaka akashika koo kwa mikono miwili. Alipotulia akaniuliza, "Mbili tu?"

Tuliishi kwa zile mbili. Mbili kwa siku, kumi kwa wiki. Asubuhi aliniuliza sambusa zimekaangwa, kabla hajauliza chai.

Siku ya thelathini nilimpeleka fundi kando nikamshukuru. Hakuelewa. Nilipomweleza, akakaa kwenye benchi langu.

"Sikukuongezea kitu," akasema. "Kobalti inachakaa. Kila mwezi nguvu inapungua kidogo, basi tarehe mosi tunaiacha iwake zaidi ili mgonjwa apate kipimo kilekile. Miaka mitano hivi, inabaki nusu."

"Kwa hiyo yeye amepata..."

"Kilekile. Sawasawa kabisa."

Alilisema kama sifa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kupimiwa sawasawa, na niliumia kama aliyeibiwa. Mume wangu sikumwambia.

Baada ya wiki kadhaa tulirudi kwa daktari wa koo. Uvimbe bado ulikuwepo.

"Mpe mashine wiki mbili zaidi," nikasema.

"Shingo ina kiasi chake, mara moja maishani. Yake imefika."

"Wiki moja."

Daktari akafungua faili, akalifunga.

"Siku tatu."

Mume wangu akaniwekea mkono gotini. "Mwache mtu, mke wangu." Akamgeukia daktari. "Lini?"

"Jumatano, au Ijumaa."

"Jumatano."

Akasaini karatasi ya kukatwa zoloto. Miaka kumi na minne ya ndoa sikuwahi kumwona akikubali neno la kwanza aliloambiwa.

Tulipanda basi la kurudi nyumbani pale Harborne, na kabla hatujakaa alikwishaanza kusema. Alisema juu ya mbuzi wa shangazi yake aliyekula cheti cha shule, juu ya msimamizi wake anayetembea kama bata, juu ya ukuta wa jikoni unaovuja. Watu wakageuka kututazama, maana sauti ile ilikuwa inatisha kuisikia. Mimi ambaye kila siku nilimkatiza, nilimwacha aseme. Mjini tukabadilisha basi, naye hakunyamaza. Alikuwa amebakiwa na pumzi zaidi kuliko sauti.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Ile hita ya mafuta ya taa. Usiijaze ikiwa inawaka."

"Nimeshaijaza ikiwa inawaka."

"Najua. Nilisikia harufu."

Akavuta pumzi, akameza kwa shida, akaanza kunieleza namna ya kusafisha utambi.