Gobore la Mlangoni

Juzi, nyumbani Norsborg, nililaza mlangoni gobore nililoliunda mwenyewe, mafuta ya kitako yakauke. Mimi niliyeishia darasa la nne, na Stockholm nzima nitajieni fundi wa kunizidi! Binti yangu akaliruka tu.

Nikakumbuka mchana ule wa utotoni baba alipolaza lake mlangoni pa jiko. "Usilivuke, linasikia," akasema, akaenda kwa mhunzi.

Nilibaki ndani na harufu ya baruti, moshi machoni, mkojo umenibana, nikipumua kidogokidogo lisinisikie. Kuku akaliruka, nikaziba masikio.

Baba alirudi akanikuta nimelowa. "Mwanangu, fataki ndiyo kwanza naileta!" akacheka.

Leo najua: bila fataki ya kuwasha baruti, gobore ni bomba tu.

"Ruka, pappa!" binti aliniita kutoka upande wa pili wa mlango.

Nikamwambia alisogeze kwanza.