Nilivyojitambulisha kuwa "rafiki wa marehemu" kwenye msiba wa Tindiga

Wakuu, habari zenu. Na mlionizidi umri, shikamooni.

Hili jambo nimekaa nalo tangu masika. Nimeliandika nikafuta, nikaandika tena. Leo naliweka lilivyo, sijaongeza chumvi. Majina halisi tu ndiyo sijayataja, maana wenyewe wapo na wana watoto wanaosoma.

Mimi ni mwanamke, nina mume, naishi Mikumi. Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yangu, pale barabarani malori yanapopumzika. Duka la misumari na saruji lina wateja asubuhi na jioni. Mchana unabaki wewe na nzi. Katika mchana huo ndipo nilipoanza kublogu.

Kwa wasiojua, kule si kama hapa jukwaani ambapo kila mtu anasoma kila kitu. Kule kila mmoja ana ukurasa wake, ni kama nyumba. Kuna kitufe cha "Fuata" na kuna cha "Omba urafiki". Ukimfuata mtu unaishia barazani, unasoma zile za wote. Akikukubali urafiki ndipo unaingia ndani, unasoma posti alizofungia marafiki tu.

Na kuna adabu zake. Humrushii mtu request hamjawahi hata kusalimiana. Unasoma kwanza, unaacha komenti mbili tatu, unapiga hodi kwa maneno, ndipo unaomba. Ukitaka kumfuta mtu, unamwambia, la sivyo ni kama mgeni aliyeondoka bila kuaga.

Kubwa kuliko zote: ya ndani hayatoki nje. Screenshot ya posti iliyofungwa ni kosa ambalo watu hawakusamehi.

ID yangu ilikuwa Ua la Mikumi. Najua mnavyofikiria. Nilianza kwa kuandika habari za maua ninayopanda kwenye makopo ya rangi nyuma ya duka, basi. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Sasa, kulikuwa na jamaa anajiita Mzee wa Jaruba. Hakuwa mzee, ni jina tu. Wazazi wake walihama kutoka usukumani na ng'ombe wao, yeye akakulia Tindiga, akawa analima mpunga. Jaruba ni kile kishamba cha mpunga kilichozungushiwa tuta, kwa msiojua.

Yule mtu alikuwa anaandika, wakuu. Aliwahi kueleza anavyowavusha mapacha wake kwenye tope asubuhi, mmoja mgongoni, mwingine begani, viatu vyao amevining'iniza shingoni, halafu anawaosha miguu karibu na shule ili mwalimu asijue wametoka wapi. Nilisoma nikiwa nampimia fundi misumari, fundi akaniuliza kama nimepata taarifa mbaya.

Nilibonyeza "Fuata". Siku hiyohiyo akaniandikia, "Dada, wafuasi ni wa manabii. Mimi nalima mpunga. Kama unasoma, ingia ndani uwe rafiki."

Nikaomba, akakubali. Sikuwahi kuwa na namba yake ya simu wala kuiona sura yake. Kutoka kwangu hadi kwake si mbali, lakini hatukuwahi hata kuwaza kukutana. Tulikuwa watu wachache tu mle ndani, wengine Mtwara, wengine Tukuyu. Tulisomana.

Masika hii akaweka posti ya ndani, fupi kuliko kawaida yake.

"Mama watoto amenyamaza. Anapika, anafua, nikimuuliza anajibu. Lakini haongei. Nimejikagua sioni nilipomkosea. Nyie mlio kwenye ndoa, mtu anafanyaje?"

Watu wakashauri. Mimi nikaandika, "Mpe muda kaka. Sisi wanawake tukichoka huwa tunanyamaza. Usimbane na maswali."

Akajibu, "Asante dada. Nitampa muda."

Hiyo ndiyo ilikuwa komenti yake ya mwisho kwangu. Aliumwa ghafla, homa kali, akapelekwa Kilosa mjini, hakurudi mzima. Tulijua kwa sababu mdogo wake wa kiume aliishika simu na kuandika kwenye ule ukurasa kwamba mwenye nao amefariki na mazishi ni kesho yake, nyumbani Tindiga.

Wenzangu wakasema, "Wewe ndiye uliye karibu. Nenda kwa niaba yetu."

Nilimwambia mume wangu. Alifikiri kidogo akasema, "Nenda, lakini si peke yako. Nenda na shangazi yako."

Shangazi yangu ni mtu mzima, hajui blogu wala nini, ila anajua msiba. Tulipanda gari ya asubuhi ya Kilosa, pale mjini tukachukua pikipiki mbili kwenda Tindiga. Tukiwa tunawasubiri madereva waweke mafuta, akaniuliza.

"Ukifika utasema wewe ni nani wake?"

"Rafiki yake."

"Rafiki yake," akalirudia taratibu. "Mwanamke wa Mikumi, rafiki wa mume wa mtu wa Tindiga."

"Shangazi, ndivyo tunavyoitana kule."

"Kule wapi?"

Pikipiki zikawashwa, tukapanda.

Tulikuta watu wengi, turubai limefungwa, akina mama upande wa jikoni. Tukapokelewa na dada wa marehemu, mama mtu mzima wa umri wa shangazi. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu.

"Mmetokea wapi jamani?"

"Mikumi, mama."

"Karibuni. Kwa marehemu mnaingiaje?"

Nikasema, "Mimi ni rafiki yake. Tulikuwa tunaandikiana kwenye mtandao."

Mama mmoja aliyekuwa anachambua mchele akasimamisha mikono. Yule dada hakusema neno baya. Alisema "sawa", akatuonyesha mkeka wa pembeni, akaondoka. Hakuna aliyekuja kukaa nasi. Nikajua tayari nimeshakuwa mtu fulani katika vichwa vya watu, na si mimi.

Shangazi akafunga kanga kiunoni, akaenda kusugua masufuria bila kuitwa. Mimi nilibaki nimekaa.

Wakati wa mazishi wakaitwa kuweka udongo: ndugu, wakwe, watu wa kanisa, wafugaji, wakulima wa bondeni. Kila kundi lina jina lake na linasogea. Sisi hatukuwa na jina. Niliokota udongo pale nilipokuwa nimesimama, nikaudondosha palepale.

Baada ya chakula akaja binti mmoja akaniambia, "Mama anakuita ndani."

Shangazi akanifuata.

Mjane alikuwa amekaa kwenye godoro chini, amejifunika kitenge. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, labda ananizidi miaka michache. Aliwaomba waliokuwemo watoke. Nikampa pole, akaipokea. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Wewe ni rafiki wa mume wangu?"

"Mama, si kwa maana hiyo."

"Ua la Mikumi ni wewe?"

Nikaitikia, "Ni mimi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akanieleza kwamba siku moja simu ya mumewe ilikuwa inachajiwa, ikalia, akaitazama. Kwenye kioo pameandikwa: Rafiki yako Ua la Mikumi amekuandikia. Akairudisha. Hakuuliza. Aliogopa jibu. Kuanzia siku ile akanyamaza.

Wakuu, nilielewa palepale. Ile posti. Yule mama watoto aliyenyamaza.

Simu yangu ilikuwa mkononi. Na ile posti ilikuwa ya ndani, aliyoifungia marafiki, akiamini haitatoka. Nikamnong'oneza shangazi kwamba ninayo maandishi ya marehemu, lakini ni siri, kule kwetu hatuonyeshi.

Shangazi akasema bila kunong'ona, "Siri umtunzie nani? Mwenyewe tumemzika. Mkewe huyu hapa yuko hai."

Nikafungua. Mtandao ulisuasua, ukurasa ukaja nusu, tukasubiri. Nilianza na zile nyingine. Ya mapacha na tope. Ya siku mkewe alipouza kuku wake ili mtoto apate sare, na yeye akajifanya hajajua asije akamwaibisha. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Aliposoma ya kuku akasema, "Kumbe alijua."

Kisha nikampa ile ya mwisho.

Aliisoma, akairudia. Akashuka hadi kwenye komenti, na mimi sikumzuia.

"Ulimwambia anipe muda," akasema.

"Ndiyo."

"Muda wenyewe haukuwepo."

Shangazi alimsogelea, akamshika bega. Yule mama akalia sasa, kilio cha chini, na katikati ya kulia akasema kitu ambacho nakisikia mpaka leo. "Alikuwa anawauliza watu wa mbali. Mimi nilikuwa hapohapo."

Tulikaa naye hadi aliponyamaza. Wakati tunaaga aliniambia, "Wakikuuliza huko nje, usiseme rafiki. Sema ulikuwa unasoma anachoandika." Nikasema sawa mama. Akaomba nimtumie yale maandishi kupitia kwa mdogo wa marehemu, nikayatuma yote, ya nje na ya ndani. Wenzangu wa kule wengine wamenilaumu kwa hilo, mmoja amenifuta bila kuniambia. Sina kinyongo.

Yule dada wa marehemu alitusindikiza hadi kwenye pikipiki. Hakuniuliza tena chochote, alimshukuru shangazi kwa masufuria.

Mjane nilimtumia ujumbe mara mbili baadaye. Mara ya kwanza alijibu "tumeamka salama". Mara ya pili hakujibu. Namwacha. Si kila mtu uliyemliza anataka uendelee kubisha hodi.

Nilichojifunza ni hiki. Vitufe vile vimetengenezwa na watu ambao hawajui neno rafiki linavyosikika mbele ya mke au mume wa mtu huku kwetu. Kwenye simu ni neno jepesi. Likitoka kwenye simu likaingia chumbani, ni zito. Mwenye mwenza amwambie mapema, huyu ni nani, tunaongea nini, kabla kioo hakijamwambia. Na wewe uliyeona kitu kwenye simu ya mwenzio, tafadhali uliza. Jibu linaweza kuwa baya, ndiyo. Linaweza pia kuwa kuhusu tope na mpunga.

Juzi nilimkalisha mume wangu dukani, mchana ule usio na watu, nikampitisha jina moja baada ya jingine kwenye orodha yangu. Alisikiliza tu, mengine akacheka. Tulipofika kwa marehemu akasema, "Huyu nisomee."

Nikamsomea. Alikuja mteja wa bati, mume wangu akamwambia asubiri kidogo.

Karibuni mchangie, hasa mliowahi kufiwa na mtu wa mtandaoni: mlijitambulishaje mlipofika? Wenye utani wa "ua" leo naomba mpite tu.